Swichi ya USIGUSE

Wodi ya pili, kitanda cha dirishani
Tarehe 4 Machi

Kaka,

Nimevunjika shingo. Napumuliwa na mashine. Kisanduku changu hakinisaidii. Wewe unajua kwa nini. Njoo.

Mdogo wako

*Fundi, samahani kwa kujiingiza. Mimi ni muuguzi wake. Ndugu yako aliteleza kwenye ngazi za kiwanda chake wiki sita zilizopita, na kuanzia shingoni kwenda chini hakuna kinachomsikiliza. Kusema hawezi, kwa sababu hewa ya mashine kubwa inaingilia kwenye tundu la kooni. Nimeandika herufi zote kwenye ubao, nazigusa moja moja, naye hufumba macho nikifika anayoitaka. Mistari hiyo michache imetuchukua siku mbili.*

*Madaktari wamemwekea nyaya kwenye kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu unaovuta hewa, wakaziunganisha na kile kisanduku cha umeme kinachotengenezwa na kiwanda chake. Umeme ukiugusa msuli, msuli unavuta, mtu anapumua. Kwake kinafanya kazi saa moja na nusu, kisha msuli unakata tamaa, tunamrudisha kwenye mashine kubwa. Mapafu yameshaugua na kujaa maji mara mbili kwa kukaa kwenye mashine hiyo. Daktari anasema mara ya tatu haitamwacha. Ndiyo hali.*


Duka la redio
Tarehe 12 Machi

Kwa Mkurugenzi,

Marahaba. Najua hukuniamkia, lakini mama alitufundisha kuitikia kwa sauti ili aliyesahau ajikumbuke.

Mimi sijambo. Mke wangu hajambo isipokuwa goti, nalo goti linalalamika kwa ratiba, asubuhi na wakati wa kuosha vyombo. Duka lipo. Redio hawaleti tena, wanaleta simu zilizotumbukia chooni, nami nazipokea kwa kibano na sura ya mtu asiyejua zilikotoka.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nikiwa nimesimama, mara ya pili nimekaa, mara ya tatu nimejimiminia chai kabisa. Baba alianguka kutoka kwenye paa la mtu mwingine. Wewe umeanguka kwenye ngazi zako mwenyewe. Ukoo unapiga hatua.

Kwa kuwa huyo muuguzi anaonekana mtu mwema na hajui anamwandikia nani, acha nimweleze. Baba yetu alikuwa fundi wa mapaa. Alipoanguka, mikono na miguu ilikufa, pumzi ikabaki, lakini pumzi ndogo, ya kuzimia mshumaa mmoja. Kukohoa hakuweza. Makohozi yalikuwa yanamjaa kifuani tunamwangalia. Siku moja nikiwa nimefungua redio ya mtu, niligusa waya nisiotakiwa kuugusa, tumbo likanibana lote kwa mara moja na hewa ikanitoka kama puto lililoachiwa. Mtu mwingine angelaani. Mimi nilikaa chini nikafikiri kuhusu tumbo la baba.

Miezi minne baadaye tulikuwa na kisanduku. Kopo la biskuti, betri, vibandiko vinne vya kuweka tumboni na mbavuni. Kila baba akitaka kutoa pumzi, umeme unambana tumbo polepole, hewa na makohozi vinatoka, tumbo likiachia hewa mpya inaingia. Mama alikiita kisanduku mke mwenza, kwa sababu ndicho kilichokuwa kinalala na baba. Tulikijaribu kwanza kwako na kwangu, Mkurugenzi. Unakumbuka ulivyopiga kelele. Na mchoro uliuchora wewe, maana ulikuwa chuoni na mwandiko wangu ni wa kuku.

Kisha ukakiazima. Siku mbili tu, ulisema, ukawaonyeshe walimu kwenye maonyesho ya chuo.

Yaliyofuata tunayajua sote wawili: kopo likawa kiwanda, vibandiko vya tumboni vikawa nyaya za kiwambo, na mmoja wetu alipewa medali.

Kuhusu kuja: barua yako ina kasoro. Haina shikamoo, haina habari za nyumbani, haina hata swali la kama niko hai. Muuguzi anasema kila herufi ni jicho moja kufumba. Ninaelewa. Basi nakuomba uiandike upya, yote, pamoja na salamu zake. Sina haraka. Mimi napumua.

Mtoto wa kwanza wa baba yako


Wodi ya pili
Tarehe 23 Machi

Shikamoo kaka,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, pamoja na goti la shemeji. Watoto wako hawajambo? Yule wa kwanza alipenda kufungua saa, anafungua bado? Majirani zako wanaendeleaje? Duka linaendeleaje? Mimi si mzima, na ndiyo sababu ya barua.

Nisamehe kwa barua ya kwanza. Niliandika kama mtu anayeagiza vipuri.

Kisanduku kinanipiga. Kila pumzi ni teke kutoka ndani. Mwanzoni nashukuru, baada ya nusu saa naogopa pumzi inayofuata, baada ya saa moja na nusu msuli unalala. Wahandisi wangu wameongeza nguvu, wakapunguza, wakabadilisha betri. Jana mkubwa wao aliniinamia akasema kwa upole kwamba kisanduku ni kizima, ila msuli wangu ni mvivu.

Hilo neno nilimfundisha mimi. Ndilo tunalowaambia wagonjwa wote.

Nipe chochote unachojua. Nitafanya utakalo.

Mdogo wako

*Siku sita, Fundi. Alikataa kuruka hata majirani. Homa imeanza kupanda tena kidogo. — Muuguzi*


Duka la redio
Tarehe 29 Machi

Kwa Mkurugenzi,

Marahaba sana. Hiyo ndiyo barua. Majirani wamefurahi kuulizwa, ingawa mmoja alisema alidhani ulikwishakufa. Mtoto wangu hafungui saa tena, anafungua friji. Goti linakusalimu.

Sasa nikwambie ulichokosea, kwa sababu kosa lenyewe linanichekesha na sijapata mtu wa kucheka naye kwa miaka kumi na moja.

Kopo la baba lilikuwa na swichi mbili za kuzungusha. Ya kwanza niliiandikia NGUVU. Ya pili niliiandikia USIGUSE. Niliandika hivyo kwa ajili ya wageni. Mtu akija kumwona mgonjwa huwa hajui mikono aiweke wapi, basi ataizungusha swichi yoyote aliyoiona, huku akisema pole. Yule mchungaji wa jirani aliwahi kumkohoza baba katikati ya maombi.

Wewe ulipochora mchoro, uliichora NGUVU. Ya pili hukuichora, wala hukufungua uone inakwenda wapi. Tangu uzaliwe hujawahi kutii katazo hata moja. Ulikatazwa kupanda tangi la maji ukapanda, ulikatazwa kuvuta sigara ukavuta ukiwa juu ya tangi. Katika maisha yako yote umetii maandishi mara moja tu, nayo ni yale niliyomwandikia mchungaji.

USIGUSE ndiyo iliyokuwa mashine, ndugu yangu. NGUVU hata mtoto anaweza. USIGUSE ndiyo inayoamua umeme upande kwa mwendo gani, upande kama mtu anayepanda kilima au ushuke kama tofali, na ukae juu muda gani kabla ya kuachia. Msuli ukiitwa polepole unaamka ukiwa umejiandaa, unavuta, unapumzika. Ukishtuliwa unachoka. Wewe umewapiga watu tofali kwa miaka kumi na moja na ukawaita wavivu.

Swichi ninayo. Nitakuja nayo. Lakini mambo mawili kwanza.

La kwanza, kila kisanduku kilichotoka kiwandani kwako kirudi kiwekewe swichi hiyo, na iandikwe USIGUSE kwa herufi kubwa. Hilo ni la wale wavivu wako, si langu.

La pili ni langu. Ulikiazima kisanduku siku mbili, ukakirudisha siku ya kumi. Nilikupigia simu bwenini mara sita, na mara zote sita nilimwambia mlinzi akwambie baba kifua kimejaa, rudisha kopo. Nilianza kutengeneza la pili siku ya tatu, kwa vipande vya redio za watu. Nililimaliza siku ya nane. Baba alikufa siku ya saba. Mbele ya mama, mbele ya kaburi, ulisema mlinzi hakukwambia kitu.

Niandikie kuhusu huyo mlinzi. Salamu safari hii unaweza kufupisha.

Mtoto wa kwanza wa baba yako


Wodi ya pili
Tarehe 9 Aprili

Shikamoo kaka. Natumaini hujambo. Nafupisha kama ulivyoruhusu.

La kwanza nimeshaagiza. Kiwandani wamebisha, nimewaambia wabishe huku wanafanya.

Mlinzi aliniambia.

Aliniambia mara zote sita. Mara ya kwanza maonyesho yalikuwa yanaendelea, nikasema kesho. Mara ya pili yalikuwa yameisha, lakini kuna watu walitaka kukiona kisanduku siku inayofuata, watu wa kujenga kiwanda. Nikajiambia baba ana pumzi yake, kisanduku kinamsaidia tu. Mara ya tatu na ya nne wale watu walikuwa hawajaja. Mara ya tano nilimwona mlinzi anakuja kwa mbali nikaingia msalani nikajifungia.

Mara ya sita alisimama mlangoni kwangu, akasema kaka yako analia kwenye simu. Nilikuwa nimevaa shati jipya. Nikamwambia: "Mwambie hujaniona."

Akaniangalia, akaenda kukwambia hivyo. Wale watu walikuja siku ya nane.

Nimelala hapa miezi miwili na nusu nikisikiliza mashine kubwa inavyonipumulia, na nikijua mtu akiizima nitakaa dakika ngapi. Baba alikaa siku saba. Nimekuwa na muda wa kulinganisha.

Mdogo wako

*Fundi, barua hii ilikuwa ngumu kuandika kwa sababu ya kikazi tu: machozi yanamfumba macho, na mimi nahesabu kufumba macho. Tulipata herufi nyingi za bure. Ilibidi nimfute, tusubiri, tuendelee. Makohozi yameongezeka na homa ni ya kweli sasa. Kama unakuja, njoo wiki hii. Kama huji, sitakulaumu, ila niambie, ili niache kuangalia mlangoni. — Muuguzi*


Duka la redio
Tarehe 20 Aprili

Kwa Muuguzi, na umsomee Mkurugenzi,

Hamjambo. Nimefika nyumbani salama. Wakati wa kuja huko basi liliharibika mara mbili na mara zote mbili mimi ndiye niliyelitengeneza, kwa hiyo naweza kusema nimejisafirisha.

Naandika maelezo haya ili msije mkasahau tuliyofanya tarehe kumi na tano, na kwa sababu daktari wenu mkuu aliuliza mara tatu nilisomea wapi. Nilimwambia nilisomea chini ya meza. Baadaye aliacha kuuliza, akakaa kwenye kigoda akawa ananishikia tochi, na kwa hilo ninamheshimu.

Swichi iliyo kwenye kisanduku cha kitandani nimeitoa kwenye lile kopo la pili, lile la siku ya nane. Limekaa juu ya rafu yangu miaka kumi na moja likiwa zima, halijawahi kumpumulia mtu. Nililiacha pale nilione kila nikiinua kichwa. Sasa halina kazi, nimeweka misumari ndani.

Mliona wenyewe. Nilipozungusha kidogo, kifua kikapanda kama cha mtu aliyelala usingizi mzuri, na kile kibanio cha kidole kinachopima oksijeni kikatulia. Saa moja na nusu ikapita, saa tatu zikapita. Zilipotimia saa nne na nusu Daktari akasema tumrudishe kwenye mashine kubwa msuli upumzike, kesho tuongeze. Endeleeni hivyo, nusu saa zaidi kila siku. Msuli si mvivu. Haukuwa umeitwa kwa adabu.

Sasa kuhusu kipimo.

Mimi kila ninachotengeneza nakipima kwa maneno. Kipaza sauti nakisemesha moja, mbili, tatu. Redio naisikiliza habari nzima, na ikimeza neno moja naifungua tena. Mgonjwa wa kisanduku hupimwa vivyo hivyo. Muda mnaoliziba lile tundu la kooni pumzi inapita mdomoni, na mtu anasema wakati hewa inatoka. Akimaliza sentensi yake kwa pumzi moja, umeme unatosha. Sentensi ikikatika njiani, betri imeshuka au kuna waya umelegea.

Kwa hiyo kila asubuhi, mkishamtoa kwenye mashine kubwa na kabla ya kumwachia kisanduku kwa muda wake, atasema sentensi ya kipimo, kwa sauti, kwa pumzi moja. Muuguzi unajua ninayoisema, ulikuwepo, na nilikuona ukiangalia dirishani. Kadi nimeibandika ukutani, juu ya kitanda, kwa gundi ya kubandikia soli. Msijisumbue kuibandua. Kwa ajili ya kumbukumbu, inasema:

MASHINE HII NI YA KAKA YANGU, NILIIBA.

Maneno saba. Nilikaa nikizungusha USIGUSE kwa unywele mmoja mmoja mpaka pumzi yake ikatosha saba kamili. Isizidi. Kwa saba anapumua vizuri, Daktari amehakikisha kwa vipimo vyake, wala sikuchukua hewa yake hata kidogo. Nilichopanga ni mahali pa kuishia.

Alipoisema mara ya kwanza, sauti ikiwa kama ya mlango wa kabati, wodi nzima iligeuka. Yule mzee wa mlangoni akauliza ameiba nini. Nikamwambia avute subira, atasikia tena kesho.

Mkurugenzi, nilikuona ulivyoniangalia. Ulidhani nitakuja nikuzimie mashine. Nililifikiria njiani, basi lilipoharibika mara ya kwanza. Liliponiharibikia mara ya pili nikaona hapana. Maiti hawasemi kila asubuhi.

Mtoto wa kwanza wa baba yako


Wodi ya pili
Tarehe 2 Julai

*Fundi, safari hii ameisema barua kwa mdomo wake, mimi nimeandika tu. Kila mstari ni pumzi moja. — Muuguzi*

Shikamoo kaka, natumai hujambo wewe na shemeji.
Mimi sijambo, napumua tangu asubuhi hadi jioni.
Mchana mashine kubwa humsaidia mgonjwa wa mlangoni.
Muuguzi anasema siku hizi naongea kama telegramu.
Kila asubuhi nasema ile sentensi ya ukutani.
Wiki ya kwanza niliisema huku nikikutukana moyoni.
Wagonjwa wenzangu sasa wameikariri kunishinda mimi mwenyewe.
Nikichelewa kuamka, wao hunianzia: mashine hii ni…
Watu wa kiwandani walikuja Jumanne, wakaisikia wote.
Mmoja alidhani nimechanganyikiwa, nikamwambia hapana, andika yote.
Visanduku vyote vinarudishwa kuwekewa swichi ya USIGUSE.
Sasa kaka nina ombi moja dogo tu.
Niongezee pumzi ya neno moja la mwisho.
Nataka baada ya niliiba niweze kusema nisamehe.
Nimejaribu mara nyingi, pumzi inakatika hapo hapo.
Likija pumzi ya pili linakuwa kama nyongeza.
Naomba uje mwenyewe, au umwagize huyu muuguzi.
Ni mimi mdogo wako, mtoto wa mwisho.


Duka la redio
Tarehe 11 Julai

Kwako mdogo wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Goti limepona lenyewe, sasa linalalamika bega. Nimefurahi kusikia kuhusu jioni.

Barua yako ilinishinda kusoma kwa sauti. Nilijaribu kumsomea shemeji yako nikajikuta nakata pumzi kila mstari, akadhani nimepaliwa.

Ombi nimelipata. Ndani ya bahasha hii kuna bisibisi ndogo. Muuguzi afungue kifuniko, aizungushe USIGUSE kulia, nusu duara, mpaka ikwame. Daktari awe amesimama hapo na kibanio cha kidole. Umeomba neno moja. Nusu duara itakupa mawili, maana msuli wako umekua.

Hayo mawili nimeyachagua mimi. Kadi mpya ni hii, ibandikwe juu ya ile ya zamani:

MASHINE HII NI YA KAKA YANGU, NILIIBA, BABA AKAFA.

Hesabu. Ni tisa, na tisa ndiyo mwisho wa swichi. Nimeifungua kichwani nikaipima upya usiku na mchana, hakuna ujanja uliobaki ndani yake. Hilo neno lako la kumi, umeme haulifikii, na mimi sina bisibisi ya kulifikia. Daktari anasema msuli unaoitwa vizuri huendelea kukua, na kwamba kuna watu ambao kiwambo chao hatimaye kilivuta kidogo zaidi ya kilichoombwa. Hicho kidogo ni chako. Kitafute.

Usilinong'one kwenye pumzi ya pili. Nitajua.

Kaka yako